Pushapu Zipi Zinahesabiwa? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Rekodi za Ustahimilivu

Barua za mwezi huu kutoka Mwanza na visiwani zimeelemea upande mmoja: vijana, na baadhi ya wazazi wao, wanataka kujua habari za rekodi za mazoezi yasiyotumia vyuma vizito wala mashine, yaani pushapu, planki (kujishikilia kifudifudi kwa mikono ya mbele na vidole vya miguu), skwati (kuchuchumaa na kuinuka) na kujivuta kwenye bomba. Nimechagua tano. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, ni mbeba mizigo Mwaloni, Kirumba. Jioni tukishamaliza kupakia dagaa tunashindana pushapu mchangani, na hakuna anayeniweza. Juzi nilipiga 1,100 ndani ya saa 1, nikihesabu mwenyewe. Wenzangu wanasema nijaribu rekodi ya saa 24 katika uwanja wa Nyamagana, kwa sababu ile ya saa 1 ni ya watu wenye kasi, lakini ya saa 24 inataka roho ngumu tu. Nianzie wapi? — Msomaji, Kirumba

Marahaba, kijana wangu. Pushapu 1,100 ndani ya saa 1, baada ya kutwa nzima ya kubeba magunia, ni kazi ya mtu mwenye mwili ulioiva, na nisingependa ninayoyaandika hapa yasomeke kama dharau. Lakini kabla ya kuzungumzia saa 24 inatubidi tuulizane kama hizo 1,100 ni 1,100 kweli. Kanuni za Guinness World Records kwa pushapu ya kawaida zinataka mwili unyooke muda wote, pasipo kukunja kiuno wala magoti. Mtu hushuka mpaka kiwiko kifikie angalau pembe ya nyuzi 90, kisha hupanda mpaka mikono inyooke kabisa. Pushapu iliyokosa sharti mojawapo haipunguziwi alama, bali inafutwa. Mtu anapochoka, kinachotangulia kuharibika ni umbo, si nguvu: kiuno kinazama, mikono inaishia katikati, na mhesabuji ambaye ndiye huyo huyo anayetweta hawezi kuliona hilo. Katika video nyingi ninazotumiwa na wasomaji ningefuta karibu nusu ya pushapu zilizomo, na sisemi kwamba wenye video hizo ni waongo. Hawakuwa na mtu wa kuwatazama tu.

Kwa hiyo jioni ijayo mwombe mwenzako akae ubavuni mwako, si mbele, ahesabu kwa sauti zile zilizokamilika peke yake, na mwingine akurekodi kwa simu iliyowekwa chini, usawa wa kiwiko. Ondoka pia mchangani, kwa sababu mchanga hudidimia chini ya kiganja, kifundo cha mkono kinapinda kila mara kwa namna tofauti, na sehemu ya nguvu zako inapotea katika kujisawazisha. David Goggins, mwanajeshi wa kikosi maalumu cha wanamaji cha Marekani, alishindwa mara 2 mwaka 2012 kuvunja rekodi ya kujivuta kwenye bomba ndani ya saa 24, ndipo Januari 2013 akaipata kwa kujivuta mara 4,030 ndani ya saa 17. Katika jaribio la kwanza bomba lenyewe lilikuwa likicheza, na kucheza huko, hata kukiwa kudogo, kukizidishwa kwa maelfu ya mivuto humla mtu nguvu zote.

Haya, tuchukulie kwamba zote 1,100 zilikamilika. Huo ni wastani wa pushapu 18 kwa dakika. Mwaka 2022 Daniel Scali wa Australia alipiga 3,182 ndani ya saa 1, na kabla ya mwaka huo kwisha Mwaustralia mwenzake, Lucas Helmke, akafikisha 3,206, yaani zaidi ya 53 kwa dakika. Pengo unaliona. Wenzako wanakushauri ulikwepe kwa kukimbilia saa 24, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Charles Servizio wa Marekani, mwezi Aprili mwaka 1993, alipiga pushapu 46,001 kwa muda wa saa 21 na dakika 21. Ukigawanya utapata karibu 36 kwa dakika, zikiwa zimehesabiwa humo dakika zake zote za kunywa, kula na kwenda msalani. Maana yake wastani wake wa zaidi ya saa 21 ni karibu mara 2 ya wastani wako wa saa 1. Rekodi ndefu haiwi kimbilio la aliyekosa kasi. Inamtaka awe na kasi ileile iliyomshinda kwenye saa 1, kisha ailinde usiku kucha.

Na kuhusu roho ngumu, nadhani ndiyo inayowaangusha vijana wengi wa mwambao wetu, kwa sababu wanaitumia mapema mno. Katika pushapu mtu husukuma takribani theluthi 2 ya uzito wa mwili wake, kwa hiyo mwenye kilo 70 husukuma kama kilo 45 kila anapopanda. Misuli ina akiba ya nguvu ya haraka inayotosha sekunde 10 hivi, na sehemu kubwa ya akiba hiyo hurudi ndani ya nusu dakika ya mapumziko. Anayepiga 40 kwa mfululizo huimaliza, akaanza kuchoma sukari ya misuli pasipo oksijeni ya kutosha, misuli ikawaka moto, na hata akipumzika dakika 3 hairudi kama ilivyokuwa. Anayepiga chache na kusimama, akapiga chache tena na kusimama, huikopa akiba ile na kuirudisha kabla haijakauka. Wenye rekodi hawangoji kuchoka ndipo wapumzike.

Laiti ningekuwa kocha wako, ningekuwekea kengele ya simu ilie kila baada ya sekunde 20, na kila inapolia upige pushapu 8, kwa dakika 10 tu. Hizo ni 24 kwa dakika, zaidi ya kasi yako ya sasa, lakini kwa muda mfupi kiasi kwamba umbo halitaharibika. Wiki ikipita salama, ongeza dakika 2 au 3. Siku 3 kwa wiki zinatosha, tena zile ambazo shehena si kubwa, maana bega halitofautishi uchovu wa magunia na uchovu wa pushapu. Kano za kiwiko na za kifundo cha mkono huimarika polepole kuliko misuli, na ndiyo sababu mtu hujiona ana nguvu za kuendelea huku viungo vikiwa vimekwisha kuchoka; ukihisi maumivu makali ndani ya kiwiko ambayo hayaishi kesho yake, punguza mara moja. Utakapomaliza saa nzima kwa kasi hiyo utakuwa na pushapu 1,440 zilizo safi, na hapo uniandikie tena.

Makaratasi ndiyo sehemu ambayo majaribio mengi ya mtaani hufia. Maombi ya kawaida kwa Guinness hufanywa kwa mtandao na hayalipiwi, ila majibu huchukua wiki nyingi. Anayelipa ni yule anayetaka kuharakishiwa. Usifanye jaribio kabla ya kutumiwa kanuni rasmi za rekodi uliyoomba, na tazama tarakimu iliyopo siku hiyo, kwani husogezwa bila taarifa: zile 4,030 za Goggins zilikwisha kupitwa, na mwaka 2022 Jaxon Italiano wa Australia alifikisha 8,008. Utahitaji mashahidi wasio ndugu zako wala wasio na maslahi, video isiyokatwa tangu mwanzo hadi mwisho, na daftari la kumbukumbu. Kwa jaribio la saa 24 mashahidi lazima wapokezane zamu, kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama unaweza kukesha ukipiga pushapu, jiulize utawapata wapi watu wa kukesha wakizihesabu. Nyamagana pia nakushauri uiache. Jua la saa 8 mchana litakunyang'anya maji ya mwili bure, wakati ukumbi wenye sakafu ya saruji na madirisha makubwa ungekufaa zaidi. Wengine wameuliza kama hewa ya huku inatofautiana na ya Dar es Salaam, kwa vile ziwa liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa mkimbiaji hilo lina uzito kidogo. Kwa mpiga pushapu karibu halina.

Mwalimu, mtu akivunja rekodi ya dunia ya pushapu analipwa shilingi ngapi? — Msomaji, Igoma

Halipwi kitu. Rekodi ikithibitishwa mwenyewe hupata cheti, basi. Wengi hutumia siku ya jaribio kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa au kituo fulani, na hilo ni jema. Fedha ninazozisikia zaidi huku kwetu ni zile za dau vijiweni, ambapo vijana wanawekeana elfu tano tano nani atachuchumaa mara nyingi zaidi. Barua inayofuata inaeleza kwa nini sizipendi.

Mwalimu, habari za majukumu. Mwanangu wa miaka 19 aliwekeana dau na wenzake, akapiga skwati 600 wakati hajawahi kufanya mazoezi ya maana. Siku ya pili alishindwa kushuka kitandani, mapaja yamevimba na kukaza, na mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Jirani anasema ni kichocho, kwa kuwa kijana alikulia Kwimba na alikuwa akioga malamboni. Nimnunulie dawa ya kichocho, au nisubiri? — Baba, Buhongwa

Kwa kuwa swali kama hili haliwezi kungoja gazeti lichapwe, nilimpigia simu mzee huyu siku ileile na kumwomba asisubiri wala asinunue dawa, bali ampeleke kijana hospitali. Alimpeleka, akalazwa, akawekewa dripu na kupimwa figo, na sasa yuko nyumbani. Mzee ameniruhusu nilieleze jambo hili kwa wengine.

Misuli inapolazimishwa ghafla kufanya kazi isiyoizoea, chembe zake hupasuka na vilivyomo humwagika katika damu. Kimojawapo ni mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli, ambayo ndiyo huupa mkojo rangi ile ya chai. Ikiwa nyingi, inaziba na kuumiza mirija midogo ya figo, na figo zinaweza kusimama kufanya kazi; potasiamu inayomwagika pamoja nayo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Skwati ni hatari zaidi kwa asiyezizoea kwa sababu misuli ya mapaja ni mikubwa, na kule kushuka taratibu huku misuli ikizuia uzito ndiko kunakoipasua kuliko kupanda. Pombe, joto na upungufu wa maji huongeza balaa.

Jirani hakuwa na wazo la kipuuzi. Kichocho cha mkojo kipo katika maeneo ya bara ya mkoa wetu yenye malambo na mabwawa, na nacho hubadili rangi ya mkojo. Lakini kichocho hutoa damu, ambayo mara nyingi huonekana zaidi mwishoni mwa kukojoa, na huenda hivyo kwa wiki na miezi. Hakivimbishi mapaja usiku mmoja. Kuna jambo moja ambalo kila mzazi wa Kanda ya Ziwa anapaswa kulijua: kijiti kinachochovywa katika mkojo huonyesha "damu" katika hali zote 2, kwa sababu huitikia mayoglobini kama kinavyoitikia damu. Hadubini ndiyo inayotofautisha, kwani mkojo wa mwenye kichocho una chembe nyekundu za damu, na pengine mayai ya vimelea, ilhali wa yule aliyepasuka misuli hauna chembe hizo au unazo chache mno. Kwa hiyo mweleze daktari habari za skwati kabla hajauliza, hata kama kijana anaona aibu kwa ajili ya dau. Asipojua, anaweza kutibu ugonjwa mwingine huku figo zikiharibika.

Nina mambo 2 zaidi juu ya hili. La kwanza ni diklofenaki, ambayo vijana huimeza kabla ya mashindano ili wasisikie maumivu. Dawa hiyo, pamoja na ndugu zake wa kundi moja, hupunguza damu inayoingia katika figo, na kuitumia wakati mwili umekauka na misuli inapasuka ni kuziongezea figo mzigo wa pili. La pili ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi hii ambako vinasaba vyake ni vingi. Mwenye ugonjwa wenyewe kwa kawaida hugunduliwa angali mdogo, lakini aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu huishi bila dalili na pengine hajui kwamba anacho. Mtu wa namna hiyo akijisukuma kupita kiasi, hasa penye joto, yumo katika hatari kubwa kuliko wenzake ya kupasuka misuli na hata kuanguka ghafla. Hazuiwi michezo. Anatakiwa kupanda ngazi polepole, kunywa, na kusimama anapobanwa. Ikiwa kuna selimundu katika ukoo wenu, pimeni damu kabla ya mtu kujiingiza katika majaribio ya saa nyingi.

Mwalimu, salaam kutoka Nansio. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 47. Nilianza planki kwa ajili ya mgongo, na sasa nakaa dakika 11. Mume wangu anasema umri wa rekodi umekwisha kunipita. Je, ni kweli? Na kwa nini mabega ndiyo yanayotetemeka kwanza, badala ya tumbo? — Msomaji, Ukerewe

Mwalimu mwenzangu, mfikishie shemeji salamu zangu pamoja na jina la DonnaJean Wilde wa Kanada. Naye alikuwa mwalimu, makamu wa mkuu wa shule aliyestaafu, na tarehe 21 Machi 2024, akiwa na miaka 58, alikaa kwenye planki kwa saa 4, dakika 30 na sekunde 11, akaipita kwa zaidi ya dakika 10 rekodi ya Mkanada mwenzake Dana Glowacka ya mwaka 2019. Alianza planki miaka mingi kabla ya hapo, alipovunjika kifundo cha mkono akashindwa kufanya mazoezi aliyoyazoea, na akawa anasoma huku amejiegemeza hivyo hivyo sakafuni. Kwa wanaume, George Hood wa Marekani alikuwa na miaka 62 alipofikisha saa 8, dakika 15 na sekunde 15 mwaka 2020. Baada yake akaja yule Scali niliyemtaja, kwa saa 9, dakika 30 na sekunde 1 mwaka 2021, ingawa mkono wake mmoja una maumivu ya kudumu tangu alipouvunja akiwa mtoto. Kisha Josef Šálek wa Jamhuri ya Cheki, kwa saa 9, dakika 38 na sekunde 47 mwaka 2023.

Siri ya umri ni kwamba planki haihitaji kasi wala nguvu kubwa ya ghafla, na hivyo ndivyo vitu vinavyotangulia kutuaga. Msuli uliokazwa bila kutembea huibana mishipa yake yenyewe ya damu. Ukiukaza kwa sehemu kubwa ya uwezo wake, damu haipiti na dakika chache zinatosha kuumaliza. Ukiukaza kwa sehemu ndogo, damu hupenya na mtu huweza kuendelea kwa muda mrefu sana. Kazi ya mazoezi basi ni kuufanya uzito wako uwe sehemu ndogo ya uwezo wako. Dakika 11 kila siku hazitakufikisha huko. Afadhali siku 2 za wiki ufanye planki fupi zilizo ngumu zaidi, kwa mfano mguu mmoja ukiwa umeinuliwa kwa nusu dakika kisha mwingine, na siku moja pekee ndiyo uipe planki ndefu.

Mabega hutetemeka kwanza kwa sababu ni misuli midogo kuliko ya tumbo, na mara nyingi viwiko huwa vimesogea mbele mno. Viwiko vikae chini ya mabega barabara, na tandika kitu laini chini ya mikono, kwani ngozi ya viwiko huwashinda wengi kabla ya misuli. Kanuni inataka mikono ya mbele na vidole vya miguu peke yake ndivyo viguse chini, mwili ukiwa umenyooka. Goti likigusa, umekwisha. Lipo jambo moja ambalo sitalilegeza: kukaza misuli kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu, na katika umri wako na wangu hatuna ruhusa ya kubahatisha. Pima kwanza hapo hapo Nansio, na usizuie pumzi unapokuwa sakafuni.

Mwalimu, jimu moja mjini wananiuzia unga wa protini kwa bei ya kuumiza, wakisema bila huo siwezi mazoezi ya saa nyingi. Mimi ni mtu wa michembe na dagaa. Nifanyeje? — Msomaji, Misungwi

Baki na michembe yako. Mazoezi ya saa nyingi huendeshwa na wanga, ambao mwili huuhifadhi katika misuli na ini, na viazi vitamu vilivyokaushwa, iwe michembe au matobolwa, ni wanga mtupu unaobebeka mfukoni. Siku 2 kabla ya jaribio ongeza ugali, wali, ndizi na viazi. Usiku wa mwisho punguza maharage na vyakula vya mafuta mengi. Saa 3 hivi kabla ya kuanza, uji wenye sukari na ndizi unatosha. Dagaa, sato na mayai vina protini ya kutosha kujenga misuli kwa mtu anayekula milo yake, na wakati wake ni baada ya kazi na siku za mapumziko.

Katika majaribio ya saa nyingi hatari nyingine iko kwenye maji. Kunywa kidogo ni vibaya, lakini kunywa lita juu ya lita za maji matupu huku jasho likiondoka na chumvi huizimua chumvi ya damu, na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, jambo ambalo wasaidizi wake hulidhania kuwa ni kiu wakamwongezea maji. Kunywa kwa kadiri ya kiu, na sehemu ya kinywaji iwe lita 1 ya maji safi yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha bapa, au ile chumvi ya kuongeza maji mwilini inayopatikana zahanati. Michembe yenyewe ijaribu kwanza siku za mazoezi ya kawaida, vipande vichache kila nusu saa, kwa sababu tumbo lisiloizoea hujaa gesi, na hakuna mahali pabaya pa kuligundua hilo kama kifudifudi mbele ya mashahidi.